Hisa 30 katika 100: namna ya kuzipigia hesabu mahakama ikiamuru zinunuliwe

Mama mmoja wa Jinja aliniwekea mezani mfuko uliojaa karatasi. Marehemu mumewe na rafiki yake wa ujanani walianzisha kampuni ya kusaga mahindi, naye akarithi asilimia 30. Tangu matanga hajaona gawio wala kuitwa kikaoni. "Mwanangu, hizi zina thamani gani?" Mimi ni mhasibu, lakini sikuanza na vitabu vya hesabu. Nilimwomba anisimulie urafiki ule.

Sababu ni hii. Sheria ya Kampuni ya Uganda ya 2012 inampa mwanahisa anayeonewa njia ya kwenda mahakamani, na jaji anaweza kuamuru hisa zake zinunuliwe na wenzake au na kampuni yenyewe. Kipimo cha bei hakikuwekwa. Mnunuzi wa mtaani hulipa kidogo kwa hisa zisizompa sauti, kwa hiyo mtaalamu wa upande wa pili atadai punguzo. Kwa mama huyu walidai asilimia 40.

Nchini Uingereza, katika kesi ya O'Neill na Phillips ya 1999, Lord Hoffmann alisema bei ya haki kwa kawaida ni fungu la thamani ya kampuni nzima, bila punguzo. Lakini katika kesi ya Irvine ya 2006, hata asilimia 49.96 zilithaminiwa kama hisa za wachache, kwa kuwa kampuni ile haikuwa ya ushirika wa kuaminiana, yaani ya watu walioingia biashara pamoja kwa kuaminiana wao kwa wao. Maamuzi hayo hayawafungi majaji wetu, ila mawakili wa Kampala huyanukuu na majaji huyapima. Basi thibitisha ushirika kwanza. Toa nakala za usajili kutoka URSB, ofisi ya serikali inayosajili kampuni, tafuta barua, risiti za mtaji, picha za siku kinu kiliposimikwa, mashahidi waliowaona wote wawili wakibeba magunia. Soma pia katiba ya kampuni: ikiwa imeweka namna ya kuthamini hisa, lazima ujue kabla mwenzako hajaisoma kwa sauti mbele ya jaji. Kwa mjane kuna hoja ya ziada, na ilinisumbua sana: walisema mshirika alikuwa mumewe, si yeye. Tulijibu kwa ujumbe wa simu ambamo mkurugenzi, yule rafiki, baada ya mazishi, alimwahidi kwamba "mambo yatabaki kama alivyoyaacha mzee."

Sasa hesabu. Nazirahisisha namba. Vitabu vilionyesha faida ya shilingi milioni 60 kwa mwaka kabla ya kodi. Mkurugenzi alijilipa milioni 20 kwa mwezi, wakati meneja wa kuajiriwa angelipwa milioni 5. Rudisha tofauti ya mwaka kwenye faida: milioni 180. Ghala lilikuwa la mkewe, likilipiwa milioni 4 kwa mwezi. Jirani walilipa milioni 2.5. Rudisha milioni 18. Faida ya kweli ni milioni 258. Toa kodi ya asilimia 30, inabaki 180.6. Ukizidisha kwa 5, yaani miaka ya faida ambayo mnunuzi angekubali kuilipia, kampuni ni milioni 903. Bila marekebisho hayo ingekuwa milioni 210. Ile 5 lazima mtaalamu aitetee kwa bei za biashara zinazofanana. Ndiyo watakayombana nayo.

Kiwanja cha Mukono kisichotumika kinapimwa peke yake na mthamini wa ardhi aliyesajiliwa. Tuseme milioni 200. Jumla 1,103, fungu la mama milioni 330.9. Punguzo la asilimia 40 lingeliangusha hadi 198.5. Hapo ndipo utaona kwa nini nilianza na urafiki.

Ukishuku mauzo yamefichwa, omba bili za umeme. Kinu hakisagi bila umeme, na uniti zake zitakuambia tani ngapi zimepita. Nimeona bili hizo zikinyamazisha daftari zuri sana.

Tarehe ya kuthamini: mwanzo wa kawaida ni siku ya amri, kama ilivyoelezwa katika kesi nyingine ya Uingereza, ya Profinance ya 2001. Ila kama wenye hisa nyingi wamekuwa wakiifilisi kampuni wakati kesi inaendelea, omba tarehe ya nyuma, na useme wazi ni kitendo gani kilishusha thamani.

Mwisho, mwambie wakili aandike katika maombi siku ya malipo, riba ya kuchelewa, na kufutwa kwa dhamana zote za mwanahisa anayeondoka. Sisi hilo la tatu tulilisahau. Mama alilipwa kwa awamu tatu, hisa zikahamishwa, na hati ya nyumba yake ya Walukuba ikabaki benki, ikidhamini mkopo wa kampuni ambayo hakuwa na hisa ndani yake tena. Ilibidi turudi mahakamani kwa maombi mengine ili aipate.