Fimbo ya tenkara: ya urefu mmoja au ya zumu? Namna ya kuchagua ukiwa Bukavu

Mtoto wa Bukavu anayevua kando ya Ziwa Kivu kwa mwanzi, uzi umefungwa nchani na ndoana moja chini yake, tayari anajua nusu ya tenkara. Huu ni uvuvi wa Kijapani wa vijito vya milimani. Fimbo ni ndefu na nyepesi, haina rili (gurudumu la kukunjia mshipi), mshipi umefungwa moja kwa moja kwenye ncha, na mwisho wake kuna kebari, yaani ndoana iliyovikwa nyuzi na manyoya mpaka ikafanana na mdudu. Kinachoitofautisha na mwanzi ni kwamba fimbo imetengenezwa kwa kaboni, vipande vyake huingiana kimoja ndani ya kingine, na ikifungwa nyingi hubaki sentimita 50 hadi 60. Unaitia kwenye mfuko wa mgongoni, unapanda pikipiki, unashuka ufukoni.

Lengo lako lisiwe sambaza, yaani dagaa wa Kivu. Hao waachie wenye taa na nyavu usiku. Tenkara inafaa kwa haplokromisi, samaki wadogo wanaokaa kwenye mawe ya kando, tilapia wadogo na wa kati kwenye matete, na samaki aina ya barbusi pale maji yanapotoka ziwani kuingia mto Ruzizi.

Anayetaka kuagiza fimbo hukutana na aina mbili. Ya urefu mmoja hufunguliwa yote au haitumiki: ukinunua ya mita 3.6, ni 3.6 siku zote. Ya zumu huvuliwa kwa urefu wa aina mbili au tatu. Sato ya Tenkara USA, kwa mfano, hufika karibu mita 3.25, 3.6 na 3.9; Rhodo ya kampuni hiyo hiyo, iliyokusudiwa vijito vidogo, ni karibu mita 2.7, 3 na 3.2. Ukisoma hivyo tu utasema ya zumu ni fimbo tatu kwa bei ya moja. Sivyo. Ni fimbo moja yenye urefu wa aina tatu, na kila urefu unadai mshipi wake. Hapo ndipo wengi wanapokosea, na tutarudi hapo.

Kwanza pima mahali unapovua

Kata kamba ya mita 4. Nenda kila sehemu unayovua kweli, si ile unayotamani kwenda siku moja, na usimame pale utakaposimama na fimbo. Angalia mambo mawili: je, juu ya kichwa chako pana nafasi ya mita 4 bila tawi wala waya? Na nyuma yako, mshipi ukirudi kabla ya kutupwa mbele, kamba hiyo inaweza kunyooka bila kugusa ukuta, mti au ua? Andika ndiyo au hapana kwa kila sehemu.

Mawe ya rasi za Bukavu na gati nyingi hutoa "ndiyo" mbili. Kuna maji marefu mbele, na mkono unahitaji urefu wote unaoweza kuupata, kwa sababu huna rili ya kutupa mbali. Chini ya miavoka na mikaratusi, kwenye vichochoro vinavyoshuka kati ya kuta za viwanja, au katika vijito vya vilima vilivyofunikwa na vichaka, majibu hugeuka. Ikiwa sehemu nane kati ya kumi ziko wazi, chukua fimbo ya urefu mmoja, mita 3.6 au 3.9, na usijute. Ikiwa karibu nusu zimebana, hasa kama unahama kutoka wazi hadi kichakani katika asubuhi moja, ya zumu inastahili pesa yake. Ikiwa karibu zote zimebana, usinunue ya zumu inayofika 3.9 kwa kuwa inaweza kufupika. Nunua fupi ya urefu mmoja, mita 2.7 hadi 3.

Kwa anayeanza na atakayevua ziwani kuliko mtoni, ushauri wetu ni mita 3.6 ya urefu mmoja. Ina vitu vichache vya kuharibika, na utajifunza mkono mmoja badala ya mitatu.

Zumu inafanya kazi vipi, na inakugharimu nini

Katika fimbo ya kawaida, kila kipande kina mwisho mpana ulio mnene kidogo kuliko mdomo wa kipande kinachokifuata. Ukivuta, vinabanana kwa msuguano. Hakuna skrubu wala kufuli. Katika zumu, kipande kimoja au viwili vya chini vinaweza pia kubanwa vikiwa bado ndani ya mpini, kwa kizibo au pete iliyotengenezwa makusudi kukishika kipande kisicheze.

Matokeo yake ni matatu. La kwanza ni mizani. Ukitazama gramu tu utadanganyika: fimbo nyingi za tenkara, za aina zote mbili, ziko kati ya gramu 60 na 100. Kinachouchosha mkono ni mahali uzito ulipo. Zumu ikirefushwa yote, uzito husogea mbele na kiwiko kinaujua baada ya saa moja. Ikifupishwa, uzito unarudi mkononi na fimbo huhisiwa nyepesi kabisa. Kwa hiyo ukiijaribu kwa rafiki, ijaribu ikiwa ndefu: bila mshipi, fanya miendo mia ya kutupa, polepole. Kifundo cha mkono kikianza kuuma kabla ya mia, urefu huo hautautumia mara nyingi.

La pili ni upindaji. Unapofupisha, unaondoa kazini kipande kinene cha chini, na mkunjo wa fimbo unabadilika. Alama kama 5:5, 6:4 au 7:3 zinaeleza hilo: katika 6:4, sehemu sita za chini hubaki karibu zimenyooka na nne za juu zinapinda. Lakini kila mtengenezaji anapima kwa jicho lake, kwa hiyo 6:4 ya mmoja si lazima ilingane na ya mwingine. Pima mwenyewe. Laza mpini juu ya ukuta wenye kimo cha mita 1.5 hivi, uushike usawa na ardhi, tundika mfuko mdogo wa plastiki nchani, kisha ongeza maji kwa bomba la sindano la mililita 10 (mililita moja ni gramu moja). Simama ncha inaposhuka theluthi ya urefu wa fimbo, yaani mita 1.2 kwa fimbo ya 3.6. Gramu 25 hadi 30 ni fimbo laini, nzuri kwa haplokromisi wa urefu wa kiganja. Gramu 35 hadi 45 ni ya kati, na hiyo ndiyo inayofaa ziwa letu. Kupita 50 ni ngumu. Kwa zumu, rudia kipimo katika kila urefu. Ukiona tofauti kubwa, jua kwamba mkono wako utalazimika kujifunza upya kila unapobadilisha.

La tatu ni mchanga. Sehemu inayobadilishwa katikati ya uvuvi hufunguliwa na kufungwa mara nyingi, mikono ikiwa na maji na udongo. Chembe moja ikiingia hapo inakwaruza kaboni, na baadaye kipande hakibani vizuri au kinakwama. Aliye na zumu abebe kitambaa safi na afute kipande kila anapokisukuma ndani. Hili si jambo la hiari.

Jambo moja kwa wenye fimbo ya urefu mmoja: usiifanye zumu kwa nguvu. Kuacha kipande cha chini ndani ya mpini bila kitu cha kukishika, ili ufupishe fimbo, kunakifanya kigongwe na kuchezacheza mpaka kipasuke ufa mdogo usioonekana. Unapobanwa na matawi, shika fimbo juu ya mpini, kwenye kaboni yenyewe. Unapunguza sentimita 30 hivi bila kuharibu kitu. Au shika kebari kwa vidole, vuta mshipi mpaka fimbo ipinde kama upinde, uachie.

Mshipi ndio unaoamua

Mshipi mkuu wa fluorokaboni namba 3.5 una unene wa milimita 0.31, namba 4 ni 0.33. Wajapani wengi hutumia hata namba 3 au nyembamba zaidi, lakini upepo wa mchana kutoka ziwani huichezea sana, kwa hiyo anza na 3.5 au 4. Urefu wake uwe sawa na fimbo. Chini yake funga uzi mwembamba wa mwisho, mita 1, alama 5X (milimita 0.15). Usifunge uzi mnene kuliko 5X isipokuwa mtengenezaji ameruhusu. Uzi huo ndio unaopaswa kukatika kwanza. Ukiwa na nguvu kuliko fimbo, kitakachokatika ni ncha.

Sasa hesabu. Fimbo ya 3.9, mshipi wa 3.9, uzi wa mita 1: jumla ni 4.9, na inaizidi fimbo kwa mita 1. Ukiinua mkono na kurudisha fimbo nyuma, samaki anakuja karibu, unamfikia. Fupisha zumu hiyo hadi 3.25 bila kugusa mshipi: ziada ni mita 1.65. Samaki ananing'inia mbali, nawe unashika mshipi kwa mkono huku fimbo imepinda. Hapo ndipo uzi unakatika, au ncha inapinda mno karibu na mkono na kuvunjika. Kutupa nako kunaharibika, kwa kuwa mshipi ni mrefu na mzito kwa fimbo fupi.

Dawa yake ni rahisi. Kata mshipi wa mita 3.25 wenye kitanzi juu. Kata nyongeza ya sentimita 65, vitanzi pande zote mbili. Ukiwa wazi, unganisha nyongeza kitanzi kwa kitanzi. Ukiingia kwenye miti, itoe. Dakika moja inatosha. Asiye tayari kufanya hivyo kila anapobadilisha urefu, asinunue zumu. Ataibeba ikiwa imefungwa kwa urefu mmoja mwaka mzima.

Kufungua, kufunga, na vinavyovunjika

Kwenye ncha kuna kamba laini iliyofumwa, liliani. Funga mshipi hapo kwa kitanzi kinachojikaza, kabla ya kurefusha chochote. Kisha vuta kipande chembamba kabisa kwanza, kifuatacho, mpaka ufike kwenye mpini. Kaza kwa kuvuta moja kwa moja bila kuzungusha, na kwa kiasi: kibane, kisilie. Kufunga ni kinyume: anza na kipande kinene karibu na mpini, mikono miwili karibu karibu, sukuma ukiwa umenyoosha. Anayeanza na ncha huivunja, kwa kuwa nguvu za kusukuma vipande vinene zinaishia kwenye kilicho chembamba.

Kipande kikikwama, usitumie koleo. Chukua vipande viwili vya mpira, hata kutoka kwenye chemba kuukuu ya baiskeli, shika pande mbili za kiungo, sukuma bila kupinda. Ikishindikana, fungua kizibo cha chini, simamisha fimbo, na ugonge kiungo kwa upole juu ya ubao.

Ndoana ikinasa kwenye jiwe au tawi, usivute kwa fimbo. Iweke chini, zungushia mshipi kwenye kijiti, uvute kwa mstari ulionyooka mpaka uzi ukatike. Samaki mkubwa akikimbia kwenye mkondo wa Ruzizi, usimwelekezee fimbo. Ibaki imeinuka nusu ili ipinde na kumchosha, nawe umfuate kwa miguu. Kule pia ni mpakani na Rwanda, kwa hiyo uliza wenyeji mahali panaporuhusiwa kusimama. Ndani ya hifadhi ya Kahuzi-Biega usipeleke fimbo.

Kaboni hupitisha umeme. Fimbo ya mita 3.9 mkononi mwa mtu aliyesimama hufika mita 5 na zaidi juu ya ardhi, na nyaya zinazoning'inia chini si chache mjini. Ifungue ukiwa majini tayari, si njiani. Ngurumo ya kwanza ikisikika upande wa kisiwa cha Idjwi, ikunje.

Unapoagiza, uliza kama vipande vitatu vya juu vinauzwa peke yake, na uagize cha kwanza na cha pili pamoja na fimbo. Ndivyo vinavyovunjika zaidi, na kusubiri mzigo mwingine kunaweza kula msimu. Kwa zumu, ongeza kizibo cha mpini. Ukirudi nyumbani, kifungue, toa vipande vyote kwa nyuma, suuza kwa maji safi, na uvitandaze kivulini vikauke usiku kucha kabla ya kuvirudisha.