Barafu ya Aktiki inagusaje hali ya hewa? Jaribu mwenyewe jikoni kwako

Mpwa wangu wa darasa la sita aliniuliza juzi, "Mjomba, barafu ya kule Ncha ya Kaskazini ikiisha, bahari si itatumeza?" Nikataka kumjibu ndiyo halafu nikajishika, maana hilo jibu wengi tunalitoa haraka haraka na kwa barafu inayoelea baharini si kweli. Tukaingia jikoni. Haya ndo tuliyofanya na vifaa vyote unavyo nyumbani: glasi, barafu ya friza, makopo mawili yanayolingana, sufuria na mfuniko wake, beseni, na yale maboksi meupe mepesi yanayokuja na tivii mpya.

Anza na glasi, hii ni ya dakika chache. Tia barafu, jaza maji mpaka ukingoni kabisa, acha iyeyuke. Haimwagiki. Barafu inayoelea nafasi yake kwenye maji ilishaichukua zamani, na ile ya Bahari ya Aktiki ni hivyo hivyo, ni maji ya bahari yenyewe yameganda. (Nje ya glasi patalowa, hiyo ni unyevu wa hewa umegusa baridi, mpwa wangu alishangilia akidhani kanishinda.) Inayojaza bahari ni barafu ya nchi kavu, ya Greenland na Antaktika. Ukitaka kumwonyesha mtoto tofauti, weka jiwe kwenye bakuli la maji lichungulie juu, kipande cha barafu kikae juu ya jiwe, piga alama ya maji na kalamu kisha subiri.

Sasa makopo. Moja lipake masizi ya sufuria mpaka liwe jeusi tii, jingine lizungushie karatasi nyeupe, tia maji kiasi sawa, funika yote na mfuniko wa aina moja halafu yaanike juani saa sita mpaka saa saba mchana. Chovya kidole. La masizi litakuwa na joto zaidi, na siku yenye mawingu usijisumbue utaona hamna kitu. Huko Aktiki mambo ni hayo hayo ila kwa ukubwa wa kutisha, barafu yenye theluji juu inaweza kurudisha angani mpaka 90% ya mwanga wa jua, ile isiyo na theluji kama 50 hadi 70, lakini bahari ikiwa wazi inarudisha kama 6% tu, nyingine yote inameza. Kwa hiyo barafu ikipungua bahari inapata joto, hilo joto linakula barafu ya jirani, bahari inazidi kuwa wazi, mzunguko unaendelea. Ni moja ya sababu Aktiki imepata joto karibu mara nne ya wastani wa dunia tangu 1979.

Jaribio la sufuria ndo nalipenda kuliko yote. Chemsha maji, epua, funika, weka kiganja juu kwa mbali, kisha ondoa mfuniko (mtu mzima aondoe, mvuke unaunguza). Joto na mvuke vinakuja usoni mara moja. Sasa utasema bahari ya kule ina baridi, mvuke utoke wapi? Sikiliza, maji chini ya barafu yana kama nyuzi -1.8 na hewa ya juu yake wakati wa baridi inaweza kuwa -30, yaani kwa hiyo hewa, maji yale ni kama chai imetoka jikoni sasa hivi. Barafu ndo mfuniko. Ikichelewa kuganda, Oktoba na Novemba bahari inamwaga lile joto la kiangazi hewani pamoja na unyevu wake, na hewa ya kaskazini huko Aktiki inazidi kukaribiana joto na ya maeneo yaliyo kusini yake.

Hapo ndo panapoleta ubishi. Tofauti ya joto kati ya kaskazini na kusini ndo inayosukuma ule upepo mkali unaopita kama kilomita 10 juu, na wanasayansi wengine wanasema tofauti ikipungua upepo unalegea, unapinda pinda kama mto, baridi ya Aktiki inashuka mpaka Marekani na Ulaya. Wengine wanapinga, wanasema upepo ule ulikuwa unapinda tangu zamani. Kwa hiyo mtu akikwambia baridi ya Texas ya Februari 2021 imeletwa na barafu kupungua, nukta, mwambie apunguze spidi. Na mvua zetu huku pwani usizivutie kule kabisa, mafuriko ya mwishoni mwa 2023 yalikuwa na El Niño na joto la Bahari ya Hindi upande wetu, mambo ya karibu zaidi.

Beseni. Jaza maji, washa feni ipulize juu yake, utaona viwimbi. Vunja vunja yale maboksi meupe ya tivii, tandaza vipande juu ya maji, viwimbi vinakufa. Kijiji cha Shishmaref huko Alaska, kisiwa chembamba, kililindwa hivyo miaka yote, dhoruba za vuli zilikuta bahari imeshaganda. Siku hizi barafu inachelewa, mawimbi yanapiga ufukwe moja kwa moja, na udongo wenyewe uliokuwa umeganda unalainika. Mwaka 2016 wanakijiji walipiga kura kuhama.

Ukishamaliza fuatilia grafu yenyewe ya ukubwa wa eneo la bahari lenye barafu, kituo cha Marekani cha data za theluji na barafu kilichoko Colorado kinaiweka kila siku bure. Linganisha Septemba kwa Septemba, usije ukachukua Machi ambapo barafu ni nyingi ukaweka na Septemba ambapo ni kidogo halafu ukapiga kelele. Rekodi ya chini ni ya Septemba 2012, kama kilomita za mraba milioni 3.4, na miaka iliyofuata haikuivunja, usishangae, mstari unashuka kwa kuyumba. Ukifungua ya Antaktika geuza kalenda, kule barafu inakuwa ndogo Februari na kubwa Septemba, na Septemba 2023 iliishia kama milioni 17, kilele cha chini kuliko vyote tangu setilaiti zianze kuhesabu.