Trela mseto au trela la kuta ngumu: namna ya kupima kabla ya kununua

Trela mseto la kambi lina mwili wa kawaida wenye kuta ngumu, paa, jiko na mara nyingi choo, ila vitanda vyake viwili au vitatu havikai ndani. Ubao wa mbele, wa nyuma au wa ubavuni huteremshwa hadi ulale bapa ukiwa umeshikiliwa na nondo au nyaya, godoro hutandazwa juu yake, na turubai lenye madirisha ya wavu hulifunika mithili ya hema dogo. Trela la kuta ngumu, kwa upande wake, lina vitanda vyote ndani ya mwili wake, na ukishaegesha unaweza kulala papo hapo.

Wanunuzi wengi huanza kwa kulinganisha uzito na urefu. Swali ninaloshauri lijibiwe kabla ya yote hayo ni jingine: turubai likilowa asubuhi ya kuondoka, utalianika wapi? Mvua haikusubiri ukunje vitu, na kwa trela mseto huna budi kulifungia turubai lililolowa ndani ya mwili wa trela, likiwa limelalia godoro, kwenye giza na joto, na hayo ndiyo mazingira ambayo kuvu hupenda. Ukifika nyumbani unapaswa kulifungua upya ndani ya siku moja au mbili, kisha kuliacha wazi hadi likauke kabisa, hasa kwenye mishono na kwenye mikunjo ya pembeni ambako maji hujificha. Kazi hiyo inahitaji uwanja wenye urefu wa trela lenyewe pamoja na takribani mita moja na nusu kila upande wenye kitanda. Anayeishi ghorofani, au anayehifadhi trela katika yadi ya kukodi ambako nafasi zimebanana, hana uwanja huo; kwa mtu wa namna hiyo mimi ningesema achukue kuta ngumu, hata kama hesabu nyingine zote zinaelekea upande wa mseto.

Aliye na uwanja anaweza kuipunguza kazi. Ondoa shuka na mito kabla ya kufunga, tandaza karatasi ya plastiki kati ya turubai na godoro, na futa maji ya nje kwa kitambaa kabla ya kuinua ubao. Aina ya kitambaa nayo ina neno lake. Turubai la pamba hupumua, hivyo mvuke wa pumzi za waliolala hupata pa kutokea, lakini hukauka polepole, na likiwa jipya linapaswa kuloweshwa na kukaushwa kabla ya safari ya kwanza ili nyuzi zivimbe na kuziba matundu ya sindano. Kitambaa kilichopakwa vinaili hufutika kwa urahisi na hakipitishi maji, ila mvuke hugeuka matone upande wa ndani, kwa hiyo dirisha moja lazima liachwe wazi kidogo hata usiku wa baridi.

Faida kubwa ya mseto ni nafasi. Kwa kuwa vitanda viko nje ya sakafu, mwili wa mita sita unaweza kulaza watu sita na bado ukabakiza meza na njia ya kupita. Ili trela la kuta ngumu lilaze idadi hiyo, ama liwe refu zaidi, ama meza igeuzwe kitanda kila jioni na kurudishwa kila asubuhi, zoezi ambalo familia nyingi huchoka nalo mapema. Kwa watu wawili, hata hivyo, faida hii haina maana, na sioni sababu ya wao kubeba turubai.

Katika uzito, usitegemee tarakimu ya trela tupu iliyoandikwa kwenye tangazo. Tafuta kibao cha mtengenezaji kinachotaja uzito wa juu unaoruhusiwa, kisha toa uzito wa trela tupu. Kinachobaki ndicho unachoweza kupakia. Tuseme trela tupu lina kilo 1,700 na mwisho wake ni kilo 2,200. Zile kilo 500 zinaonekana nyingi hadi ujaze tangi la maji la lita 150, ambazo ni kilo 150, uongeze mitungi miwili ya gesi yenye jumla ya kilo 35 na betri ya kilo 25. Zimebaki 290 kwa chakula, vyombo, nguo, viti na baiskeli. Uzito unaokandamiza ndoano ya gari nao uhesabiwe. Kwa matrela ya Amerika Kaskazini kanuni ya kawaida ni asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote, yaani kilo 220 hadi 330 katika mfano huu, na kilo hizo huhesabiwa pamoja na abiria na mizigo iliyomo garini. Matrela na magari ya Ulaya hutengenezwa kwa viwango vya chini zaidi, kwa hiyo fuata kitabu cha gari lako, halafu upitishe trela lililopakiwa kwenye mizani ya magari.

Usitarajie mseto uokoe mafuta mengi. Trela la hema linalojikunja hadi usawa wa kiuno hupunguza upepo kweli, lakini mseto una kimo kilekile cha trela la kuta ngumu, na katika mwendo wa barabara kuu upepo unaokwama kwenye uso wa mbele ndio unaokula mafuta zaidi.

Baridi, joto na kelele vyote huvuka turubai bila kizuizi. Hita au kiyoyozi kitafanya kazi muda mrefu zaidi, na mwenye usingizi mwepesi atasikia kila jirani.

Fikiria pia vituo vya njiani. Kulala kwa saa sita tu katikati ya safari ndefu ni jambo dogo kwa kuta ngumu, ilhali mseto hudai kusawazishwa kwa pimamaji, kushushwa miguu ya kuegemea na kukagua matawi ya juu kabla vitanda havijafunguliwa. Kitanda cha mbele hutandazwa juu ya sehemu inayoshika ndoano, hivyo katika baadhi ya mitindo huwezi kukifungua gari likiwa bado limeunganishwa na trela. Na kuna mahali ambapo turubai halikubaliki kabisa, au hukubaliwa ndani ya uzio tu: kambi ya Fishing Bridge katika hifadhi ya Yellowstone, Marekani, hupokea vyombo vya kuta ngumu pekee kwa sababu ya dubu, na kule Lake Louise nchini Kanada eneo la mahema limezungushiwa uzio wa umeme. Kabla ya kulipia nafasi katika nchi ya dubu, uliza kama mseto unahesabiwa kuwa hema.

Ukinunua lililotumika, bonyeza kuta kwa kidole gumba kwenye pembe na chini ya madirisha. Ukuta unaobonyea umekwisha kuoza ndani. Soma tarakimu nne za mwisho za msimbo unaoanza na herufi DOT ubavuni mwa tairi: 2319 maana yake ni kwamba tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019, na tairi la trela huzeeka hata kama kashata zake bado ni ndefu. Kwa kuta ngumu, kagua zaidi mishono ya paa. Kwa mseto, angalia mpira unaozunguka mlango wa kila kitanda, maana maji ya barabarani huingilia hapo trela likiwa limefungwa, na fungua na kufunga kila ubao kwa mikono yako mwenyewe ujue kama unaumudu. Muuzaji akisema hawezi kulifungua leo kwa kuwa nafasi haitoshi, muulize turubai hilo lilianikwa wapi baada ya safari ya mwisho.