Injini ya ndege ya plastiki iliyoganda: usiilazimishe kwa koleo

Ndugu wa Lubumbashi, ukiokota pale soko la mtaa wetu wa Kenya ndege ya plastiki ya zamani yenye injini ya kweli, mfano zile ndogo za kampuni ya Cox za takriban sentimita za ujazo 0.8, na propela inakataa kuzunguka, usidhani imekufa. Mafuta ya kuendeshea injini hiyo huchanganywa na mafuta ya mbarika, na hayo yakikaa miaka hugeuka gundi ya kahawia inayoshika pistoni.

Toa injini kwenye plastiki kwanza. Nasisitiza, maana asetoni ya kucha ikidondokea bawa, bawa linalainika na kuharibika hapo hapo. Kisha ipashe moto kwa mashine ya saluni ya kukaushia nywele, dondoshea asetoni kidogo kwenye tundu la moshi, ngoja, halafu sukuma propela kwa vidole, mbele na nyuma. Rudia. Utaona maji ya rangi ya chai yakitoka. Hiyo ndiyo gundi yenyewe. Ikilegea, tia mafuta ya cherehani.

Kichwa cha injini kina waya mwembamba ndani. Upe volti 1.5: ukiwaka rangi ya chungwa, ni mzima. Betri ya pikipiki ya volti 12 itaukata papo hapo, na kichwa kipya si rahisi kukipata huku kwetu.

Petroli pia usitie. Injini hii hunywa mchanganyiko wa methanoli (aina ya alkoholi), nitromethani (kemikali ya kuongeza nguvu) na mafuta ya mbarika.