Kabla ya Kuzibwa Kidonda cha Kisigino kwa Flapu

Kidonda cha kisigino kikishafika mfupani, ngozi nyembamba inayobanduliwa pajani haishiki, kwa sababu mfupa mtupu hauna damu ya kuilisha. Ndipo daktari anapotumia flapu: kipande cha ngozi na mafuta yake, kingali kwenye mishipa yake ya damu. Mara nyingi hukatwa nyuma ya shavu la mguu na kugeuzwa chini, kikilishwa na mishipa midogo iliyo kama sentimita 5 juu ya kifundo. Mishipa hiyo ikibanwa au ikikunjika, kipande hufa.

Kwa hiyo sigara, ugoro na sisha viachwe angalau wiki 4 kabla. Miraa nayo hubana mishipa. Mwenye kisukari aishushe sukari mapema, na mapigo ya damu mguuni yapimwe. Usaha na nyama iliyokufa vitolewe kwanza, hata kwa kuingia chumba cha upasuaji mara mbili tatu. Flapu iliyolazwa juu ya usaha ni kazi bure.

Akina mama, hata kama kuna harusi, msipake hina wala piko kwenye mguu huo, maana huficha rangi ya ngozi. Kwa saa 48 za kwanza baada ya upasuaji, muuguzi huibonyeza flapu kwa kidole na kungoja rangi irudi, kwa kawaida sekunde 2 au 3. Ikiwa baridi na imepauka, damu haiingii. Ikivimba na kuwa zambarau, damu haitoki. Kwenye ngozi nyeusi rangi hudanganya, basi iguseni pia kwa mgongo wa mkono kusikia joto. Mkiona badiliko, mwiteni muuguzi papo hapo, msingoje asubuhi.

Nyumbani ndiko wengi husahau. Mgonjwa hatakanyagia mguu huo kwa wiki kadhaa, na choo cha kuchuchumaa hakimfai: tafuteni kiti kilichotobolewa katikati. Anayeishi ghorofani Mji wa Kale, Mombasa, kwenye ngazi zile za wima, ahamie chini. Wa Likoni, ng'ambo ya feri, aombe kukaa kwa jamaa upande wa kisiwani siku za kliniki za mwanzo. Msongamano wa feri na magongo haviendani. Kwenye tuktuk akae upande, mguu umenyooshwa juu ya kiti.

Kitandani mto uwekwe chini ya shavu la mguu, pembeni mwa mshono, kisigino kikielea hewani.