Jinsi ya kuunda kamati ya pamoja ya misikiti na makanisa dhidi ya VVU katika kata

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia mchungaji wa kata jirani, hapa Muheza, mkoani Tanga, Tanzania, aliyetaka misikiti na makanisa ya eneo lake yashirikiane katika mapambano dhidi ya VVU na UKIMWI. Nilimkuta amekwisha kupanga maandamano ya Desemba 1, Siku ya UKIMWI Duniani, kwaya, kaswida na fulana. Hayo yote yanaweza kusubiri. Kinachoamua kama kamati itadumu ni karatasi moja ya makubaliano, na ndiyo maana hatua ya tatu imekuwa ndefu kuliko nyingine zote.

Hatua ya 1: Mwone mtendaji wa kata

Mweleze nia yenu, na ombeni kufanya kazi pamoja na kamati ya UKIMWI ya kata, msiunde chombo cha kushindana nayo.

Hatua ya 2: Chagueni wajumbe

Barua za BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania), za Baraza la Maaskofu na za Jumuiya ya Kikristo hufungua milango, lakini anayeingia nyumbani kwa mgonjwa ni imamu wa mtaa, katekista, mwalimu wa madrasa na akina mama wa jumuiya ndogondogo. Wachukueni hao, na kila upande ulete angalau mwanamke mmoja. Makanisa ya maombezi yasiyo chini ya jumuiya yoyote yaalikwe pia, hata kama wengine watanung'unika, kwa sababu huko ndiko wanakokimbilia wengi waliokata tamaa ya hospitali. WAVIU, yaani watu wanaoishi na VVU, wasipungue wawili, wapatikane kupitia Konga ya wilaya, ambayo ni mtandao wao, nao wawe wajumbe kamili wenye kauli, si watu wa kuitwa kutoa ushuhuda na kurudishwa nyumbani. Kumbukeni pia kwamba kiongozi wa dini mwenyewe anaweza kuwa anaishi na VVU: Kasisi Gideon Byamugisha wa Uganda alijitangaza hadharani mwaka 1992, wakati viongozi wa dini wa namna hiyo walikuwa hawajasikika Afrika. Asilazimishwe mtu yeyote kufanya kama yeye.

Hatua ya 3: Andikeni makubaliano

Karatasi hii isizidi ukurasa mmoja, iandikwe kwa mkono mbele ya wote, na ihusu mambo ambayo hakuna mjumbe atakayeyasema mimbarini au madhabahuni. Msijaribu kuandika tamko la imani la pamoja, kwa maana mtashinda hapo mpaka magharibi bila kupata hata sentensi moja.

Kondomu ndiyo inayovunja vikao. Ninachopendekeza ni hiki: kila dini ifundishe waumini wake kadiri ya mafundisho yake, mhudumu wa afya asigawe kondomu katika nyumba za ibada, na kiongozi wa dini naye asiwaambie watu kwamba mhudumu huyo ni mwongo au kwamba kondomu zina virusi. Wanandoa ambao mmoja ana VVU na mwingine hana wapelekwe kliniki, wakashauriwe huko kwa faragha.

Suala la pili ni kupima kabla ya ndoa. Viongozi wengi hudai cheti cha majibu kwa nia njema kabisa, lakini Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza kumlazimisha mtu kupima, na inataka majibu yake yawe siri. Andikeni kwamba wachumba watahimizwa kupima pamoja na kuambiana majibu wao kwa wao, na kwamba hakuna shehe, padri wala mchungaji atakayeomba kuyaona.

Suala la tatu ndilo linaloua watu, yaani ushuhuda wa uponyaji. Wanaokumbuka misururu ya Loliondo mwaka 2011, watu walipofuata dawa ya kikombe ya Babu Ambilikile Mwasapile, wanajua kwamba wapo walioacha ARV, yaani dawa za kufubaza VVU, baada ya kuinywa. Siku hizi mtego ni mwembamba zaidi. Mtu anayemeza dawa vizuri hupimwa wingi wa virusi, na majibu husema kwamba virusi havionekani. Maana yake ni kwamba dawa zimevifubaza, na mtu huyo hamwambukizi mwenzi wake kwa njia ya kujamiiana. Lakini virusi bado vimejificha mwilini, na akiacha dawa huanza kuongezeka tena ndani ya wiki chache. Sasa mpe karatasi ya majibu hayo muumini aliyeombewa Jumapili iliyopita: atasimama mbele ya kanisa, ataipunga, na kusema amepona. Kipimo cha kujipima nacho kinaweza kumdanganya, kwa kuwa hakifai kwa aliyekwisha kuanza dawa. Kwa hiyo tuliandika hivi: "Tutaomba na mgonjwa, na tutamuuliza kama amemeza dawa. Ushuhuda wa kupona VVU hautatolewa hadharani kabla mhusika hajarudi CTC (kliniki ya tiba na matunzo ya VVU) kuelezwa maana ya majibu yake." Mchungaji wa maombezi alikubali kusaini baada ya kuongezwa maneno "tutaomba na mgonjwa", ambayo awali hayakuwemo. Msiyaache.

Hatua ya 4: Pangeni ratiba ya mifungo na dawa

Kwa anayemeza dawa mara moja kwa siku, Ramadhani haina ugumu mkubwa, kwani saa ya dawa inaweza kuhamishiwa kwenye futari au daku. Aonane na CTC wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama. Ugumu uko kwenye mifungo mikavu ya siku tatu ya makanisa ya maombezi, isiyo na chakula wala maji, ambapo kiongozi anapaswa kutamka waziwazi kwamba maji ya kumezea kidonge hayavunji mfungo.

Hatua ya 5: Rufaa na kumbukumbu

Tumieni daftari moja la kumbukumbu za vikao, lisilo na jina la mgonjwa hata mmoja. Kundi la WhatsApp silipendekezi kabisa, maana ujumbe mmoja uliosambazwa na mjumbe asiye makini unatosha kuvunja ndoa ya mtu. Anayehitaji kliniki asindikizwe na mjumbe aliyemchagua mwenyewe, hata kama ni wa dini nyingine. Wengi huchagua hivyo makusudi, ili habari zao zisifike kwenye jumuiya yao.

Nakala ya makubaliano ibaki kwa mtendaji, kwa sababu mapadri na wachungaji huhamishwa, na kila anayekuja atasomewa na kusaini kabla ya kukaa kwenye kikao chake cha kwanza.