Fatehpur Sikri kwa siku moja: ingilia upande wa kasri, tokea msikitini

Mji wa Fatehpur Sikri umejengwa juu ya mgongo wa mwamba, kama kilomita 37 magharibi ya Agra, India, kwenye barabara iendayo Jaipur. Akbar, mfalme wa tatu wa Wamughal, ukoo wa Kiislamu uliotawala India, alianza kuujenga mwaka 1571, akaufanya makao makuu ya dola yake, na mwaka 1585 akahamia Lahore. Hakurudi tena kuishi hapo. Kwa kuwa hakuna aliyekuja baadaye kuvunja na kujenga upya, kasri la karne ya 16 bado limesimama karibu lote, kwa mawe mekundu yaliyochimbwa kwenye mwamba huohuo.

Mabasi ya utalii huwapa abiria wake saa moja hivi, na wengi huondoka wakiwa wamekumbuka lango kubwa na usumbufu wa wachuuzi tu. Tenga saa tatu hadi nne. Mpangilio wa mizunguko una maana kuliko unavyodhani, kwa sababu mahali penyewe ni pawili: kasri, ambalo lina tiketi, na msikiti wenye kaburi la Shehe Salim Chishti, ambao kuingia ni bure. Anza na kasri. Ukianzia msikitini utakutana na papasi kabla hujapata utulivu, na utafika kwenye kasri jua likiwa utosini.

Siku na saa

Miezi mizuri ni Oktoba hadi Machi. Mei na Juni joto hufika nyuzi 45, na juu ya mwamba ule kivuli ni haba. Desemba na Januari tatizo ni ukungu: treni za kaskazini mwa India huchelewa kwa saa kadhaa na barabara haionekani vizuri alfajiri, kwa hiyo usipange kurudi Delhi kupanda ndege usiku uleule.

Lango hufunguliwa jua linapochomoza na kufungwa linapozama. Ondoka Agra saa 12 na nusu asubuhi ili uwe ndani kabla ya saa 2 na nusu. Kuanzia saa 5 mabasi ya makundi huanza kumiminika.

Ijumaa fikiria mara mbili. Taj Mahal hufungwa siku hiyo, kwa hiyo wageni wote waliokwama Agra huelekea Sikri. Mwislamu anayetaka kusali Ijumaa katika msikiti wa Akbar ana sababu nzuri ya kuichagua siku hiyo. Asiyekuwa na nia hiyo aende siku nyingine, maana mchana wa Ijumaa ua wa msikiti ni wa wenye kusali.

Kwa wale waliopo Delhi kwa masomo au kumsindikiza mgonjwa, kama wafanyavyo Watanzania na Wakenya wengi: kwenda na kurudi siku moja kutoka Delhi kunawezekana, ila ni kujichosha. Treni ya kasi ya Gatimaan huondoka stesheni ya Hazrat Nizamuddin saa 2 na dakika 10 asubuhi na kukufikisha stesheni ya Agra Cantt kabla ya saa 4. Ukiongeza safari ya gari, unaingia Sikri saa 5 na nusu, saa mbaya kuliko zote. Na siku ya Ijumaa treni hiyo haitembei. Lala Agra usiku mmoja: Taj alfajiri siku ya kwanza, Sikri siku ya pili.

Usafiri

Basi la serikali huondoka stendi ya Idgah, Agra, na huchukua saa moja hadi moja na nusu kutegemea vituo. Nauli ni ndogo sana. Linakushusha mjini, chini ya mwamba, karibu na soko. Ukishuka tu muulize kondakta basi la mwisho la kurudi ni saa ngapi. Mara nyingi huisha mapema jioni.

Teksi ya kukodi ina raha yake, lakini mkubaliane mambo manne kabla ya kuwasha gari: bei ya kwenda na kurudi, muda wa kusubiri (taja saa nne, si "kidogo"), nani analipa maegesho na ushuru wa barabara, na kwamba hakuna kusimama kwenye duka lolote la marumaru. Dereva hupata kamisheni dukani, na "dakika tano" za huko hukula saa nzima ya asubuhi yako. Gari la kuitwa kwa programu ya simu hupatikana kirahisi kutoka Agra. La kurudi kutoka Sikri ni bahati nasibu, kwa hiyo usilitegemee. Bajaji huenda pia, lakini zaidi ya saa moja ya vumbi na honi za malori si jambo la kumshauri mtu.

Unapokaribia, watu wanaweza kusimama barabarani na kulipungia gari mkono kama maafisa, wakidai ni lazima uchukue mwongozaji hapo. Si kweli. Mwambie dereva aendelee hadi maegesho rasmi. Magari binafsi hayapandi juu. Kutoka maegesho kuna basi dogo la gesi linalokupeleka karibu na lango la kasri kwa rupia chache. Beba noti ndogo za 10, 20 na 50, maana chenji ya noti ya 500 haipatikani hapo kwa urahisi.

Tiketi ya kasri kwa mgeni ni karibu rupia 610, na watoto walio chini ya miaka 15 hawalipi. Hupatikana dirishani au mtandaoni kupitia Idara ya Akiolojia ya India. Bei hupandishwa mara kwa mara, itazame kabla ya kwenda. Beba pasipoti au nakala yake. Maji chukua lita moja na nusu kwa kila mtu, kwani ndani ya kasri hakuna duka.

Ukitaka mwongozaji, mchukue dirishani, mwenye kitambulisho cha serikali shingoni, na mpatane bei kwa mdomo mbele ya mwenzako. Anayekuambia "mimi ni mwanafunzi, sitaki hela" atakufikisha kwa kaka yake anayeuza vinyago.

Ndani ya kasri

Kuna milango miwili: wa Diwan-i-Am na wa kasri la Jodha Bai. Basi dogo huwashusha watu karibu na wa Jodha Bai, na wengi huingia hapo kwa mazoea. Tembea dakika chache zaidi uingie kwa Diwan-i-Am. Huo ndio ua wa hadhara, ambako raia waliletwa mbele ya mfalme. Ukianzia hapo unapita kama alivyopita mgeni wa zama hizo, kutoka kwa umma kwenda kwa siri, na unamalizia upande wa msikiti bila kurudi nyuma.

Nyuma yake ni Diwan-i-Khas, ukumbi wa faragha. Kwa nje utadhani ni ghorofa mbili. Ndani ni chumba kimoja chenye nguzo moja katikati, iliyochanua juu kwa mikono 36 ya mawe, ikibeba jukwaa la duara lililounganishwa na pembe nne kwa vijia vyembamba. Wanahistoria bado wanabishana lilitumika vipi. Ingia mapema, maana chumba ni kidogo na kundi la watu 30 hulijaza.

Ua unaofuata una mistari ya mchezo wa pachisi iliyochorwa sakafuni. Ndio mchezo uliozaa ludo. Utasimuliwa kwamba wajakazi ndio waliokuwa kete. Isikilize kama hadithi. Vivyo hivyo "nyumba ya Birbal": Birbal alikuwa waziri, mwanamume, na nyumba hiyo ipo sehemu ya wanawake wa kasri. Majina mengi ya majengo haya ni ya baadaye. Na ukiambiwa mji ulihamwa kwa sababu ya maji peke yake, jua kwamba ziwa lililozunguka upande mmoja lilikuwa na matatizo kweli, lakini mwaka 1585 alifariki Mirza Muhammad Hakim, ndugu yake Akbar kwa baba, aliyetawala Kabul, na mpaka wa kaskazini-magharibi ukamhitaji mfalme awe karibu.

Usiipite haraka nyumba iitwayo ya Sultana wa Kituruki, kando ya bwawa la Anup Talao. Ni chumba kidogo, lakini kila inchi ya ukuta imechongwa miti, mizabibu na wanyama, kana kwamba ni mbao. Vichwa vya wanyama vimeharibiwa. Fundi aliyezoea milango ya Lamu au Unguja atakaa hapa nusu saa.

Panch Mahal ni ghorofa tano zinazopungua kadiri zinavyopanda: nguzo 84 chini, kisha 56, 20, 12, na 4 juu kabisa, jumla 176. Kupanda hakuruhusiwi. Picha nzuri hupigwa kutoka ng'ambo ya bwawa kabla ya saa 4. Stendi ya kamera yenye miguu mitatu huhitaji kibali.

Kasri la Jodha Bai ni la mwisho. Inua macho uone vigae vya buluu vilivyobaki paani, kisha toka kwa mlango wa upande huo. Hakikisha umemaliza, kwa sababu tiketi ni ya kuingia mara moja.

Msikiti na kaburi

Kutoka hapo ni mwendo wa dakika chache hadi Badshahi Darwaza, mlango wa mashariki wa msikiti. Hapa ndipo wengi hukosea: huacha viatu mlangoni, kisha hutaka kutokea Buland Darwaza upande wa kusini, na kulazimika kurudi peku juu ya mawe ya moto. Njoo na mfuko, tia viatu vyako ndani, tembea navyo. Vaa soksi nene. Wanawake wawe na mtandio, wanaume wasivae kaptula, na kofia ya kichwani haidhuru.

Kaburi la Shehe Salim Chishti ni la marumaru nyeupe katikati ya wekundu wote ule. Akbar, aliyekosa mrithi, alimwendea walii huyu amwombee. Mwaka 1569 akazaliwa Salim, aliyekuja kutawala kwa jina la Jahangir, na mji ukajengwa pale kwa heshima hiyo. Watu bado hufunga nyuzi kwenye viwambo vya mawe vilivyotobolewa, hasa wanaotafuta watoto. Uzi na maua ni rupia chache. Utashinikizwa kununua shuka la kufunikia kaburi kwa maelfu, ukiambiwa litagawiwa maskini. Kataa kwa upole, usijadiliane bei, kwani ukishaanza kupatana umeshanaswa. Hakuna anayelazimishwa kutoa chochote ili kuzuru.

Tokea Buland Darwaza, lenye urefu wa kama mita 54 kutoka chini, ukumbusho wa ushindi wa Akbar dhidi ya Gujarat mwaka 1573. Ukutani kuna maneno yanayonasibishwa na Nabii Isa: dunia ni daraja, ivuke, usijenge nyumba juu yake. Tazama juu kabla ya kusimama chini ya tao, kwani nyuki hujenga humo. Usitumie mwanga wa kamera wala kupiga kelele. Ngazi ni za mwinuko mkali na hazina pa kushika. Mzee au mwenye magoti mabaya arudi kwa Badshahi Darwaza na kushuka na basi dogo.

Chini ya ngazi ni sokoni. Nunua nankhatai za moto, ndugu wa zile za Mombasa na Unguja, kisha basi la Agra lipo karibu. Mwenye teksi ampigie dereva aje huku, maana maegesho yako upande mwingine wa mwamba. Ukiwa bado na nguvu na jua lipo, Hiran Minar, mnara uliojaa pembe za mawe mfano wa pembe za ndovu, uko chini ya lango la Hathi Pol. Usiende peke yako jioni. Mpenda ndege aendelee magharibi hadi Bharatpur, zaidi kidogo ya kilomita 20, alale huko, na kuingia hifadhi ya ndege ya Keoladeo asubuhi yake.